Mkono Mmoja Haulei Mwana: Somo Juu ya Kumdumisha Katika Matibabu Mtoto Mwenye Virusi vya UKIMWI

Somo hili linawahusu wazazi, walezi, walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, masheha, pamoja na kila mtu mzima ambaye ndani ya nyumba yake, au jirani na mlango wake, yumo mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI. Shabaha yake ni kueleza kwa nini mtoto huyo hufa mapema asipopata dawa, kwa nini huweza kuishi hadi utu uzima akizipata bila ya kukatiza, na ni mambo gani ya majumbani yanayomtoa katika matibabu bila ya mtu yeyote kukusudia.

HALI ILIVYOKUWA NA ILIVYO SASA

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Zanzibar waligunduliwa mwaka 1986. Katika miaka mingi iliyofuata mtoto aliyezaliwa na virusi hakuwa na tiba ya kumtosha, na jamaa zake walichoweza ni kumuuguza tu. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa hapa mwaka 2005, na hutolewa bila ya malipo. Tangu hapo hukumu ya mtoto huyo imebadilika: akianzishwa dawa mapema na kudumu nazo, anaweza kukua, kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa, na kuzaa watoto wasio na virusi.

Maambukizi miongoni mwa watu wazima wa Zanzibar yako chini ya asilimia 1, ilhali utafiti uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 na 2023 ulionesha asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Uchache huu ni neema, lakini nao una hatari yake. Pale walipo wachache, kila familia hudhani kuwa iko peke yake, na inayodhani iko peke yake huficha. Waliotangulia walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili anayeumbuliwa ni mtoto, ambaye hakuficha kitu.

Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023, watoto wapatao milioni 1.4 wenye umri chini ya miaka 15 walikuwa wakiishi na virusi duniani. Kati ya kila watoto 100 hao, 57 tu ndio waliokuwa wakipata dawa, wakati kwa watu wazima waliozipata ni 77 katika kila 100. Mwaka huo watoto wapatao 76,000 walikufa kwa sababu zinazotokana na UKIMWI. Watoto ni asilimia 3 tu ya watu wote wanaoishi na virusi, lakini vifo vyao ni asilimia 12 ya vifo vyote. Kwa ajili hiyo, tarehe 1 Februari 2023 wawakilishi wa nchi 12 za Afrika, Tanzania ikiwemo, walikutana Dar es Salaam na kutoa tamko la kumaliza UKIMWI wa watoto ifikapo mwaka 2030.

KWA NINI MTOTO HAWEZI KUNGOJA

Mtu mzima aliyeambukizwa anaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuugua, kwani kinga ya mwili wake imekwisha komaa. Kinga ya mtoto mchanga bado inajengeka, na virusi huibomoa kabla haijasimama. Bila ya matibabu, kiasi cha theluthi moja ya watoto waliozaliwa na virusi hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kiasi cha nusu yao kabla ya kutimiza miaka miwili.

Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2008 uliliweka wazi jambo hili. Watoto wachanga walioanzishwa dawa wakiwa na umri wa wiki 7 hivi, wakiwa bado wanaonekana wazima, walilinganishwa na wale waliosubirishwa mpaka dalili au vipimo vya damu vioneshe kuwa wakati umefika. Katika waliosubirishwa walikufa 16 katika kila 100. Katika walioanzishwa mapema walikufa 4. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa kila mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye virusi aanzishwe dawa bila ya kusubiri dalili, na mwaka 2015 agizo hilo likawa la watu wote, wakubwa na wadogo.

Hivyo basi, mlango wa kwanza wa uhai wa mtoto ni kipimo. Kipimo cha kawaida anachopimwa mtu mzima hakitoshi kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kwa sababu huonesha kinga aliyorithi kwa mama, hata kama virusi vyenyewe hakuvirithi. Mtoto mchanga hutolewa matone ya damu kisiginoni, yakakaushwa juu ya karatasi maalumu na kupelekwa maabara inayotafuta virusi vyenyewe. Kipimo hiki hufanywa akiwa na umri wa wiki 4 hadi 6. Hurudiwa miezi 9, na kipimo cha mwisho hufanywa akiwa na miezi 18 au miezi mitatu baada ya kuachishwa ziwa, lolote litakalochelewa zaidi. Mama aliyeambiwa mara ya kwanza kuwa mwanawe hana virusi asikome hapo, maana wakati wote anaponyonyesha bado ipo haja ya kuangalia. Kinga kubwa ya mtoto anayenyonya ni mama mwenyewe kutokuacha dawa zake.

Inafaa isisitizwe kuwa kupima bila ya kurudi kuchukua majibu ni sawa na kutopima.

DAWA ZENYEWE

Walezi wa zamani wanakumbuka dawa ya maji iliyokuwa chungu mno, yenye spiriti ndani yake, ambayo mtoto aliitema na mlezi akalia naye. Mambo yamekuwa mepesi. Mwaka 2020 ilipatikana dawa ya dolutegravir iliyotengenezwa makusudi kwa watoto: kidonge kidogo kinachoyeyuka katika maji, chenye ladha ya tunda, ambacho huweza kupewa mtoto aliyetimiza wiki 4 na uzito wa kilo 3. Hutolewa pamoja na abacavir na lamivudine, na siku hizi dawa zote tatu zimekwisha tengenezwa ndani ya kidonge kimoja cha kuyeyusha, kinachonywewa mara moja kwa siku.

Mlezi anatakiwa ayafahamu mambo manne yafuatayo:

1. Kipimo cha dawa ya mtoto hufuata uzito wake. Mtoto anayekua akiendelea na kipimo cha mwaka jana anapata dawa pungufu. Ndiyo maana mizani ya kliniki si jambo la kupitisha wakati, na mtoto mwenyewe hapana budi afike. Haitoshi mtu mzima kwenda peke yake kuchukua chupa.

2. Dawa inywewe saa moja ile ile kila siku. Ikisahauliwa, apewe mara inapokumbukwa, wala asipewe kipimo mara mbili ili kufidia. Akitapika mara tu baada ya kunywa, ndani ya nusu saa, apewe tena.

3. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma, na baadhi ya dawa za tumbo, huzuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Mlezi amwambie muuguzi kila dawa nyingine anayopewa mtoto ili apangiwe saa za kutenganisha.

4. Mtoto akianzishwa dawa za kifua kikuu, mpango wa dawa zake za virusi hubadilika. Asipewe dawa za aina mbili hizo bila ya madaktari wa pande zote mbili kufahamu.

NINI HUTOKEA DAWA INAPOKATIZWA

Dawa hizi haziui virusi vyote. Huvizuia visizaliane, na vinavyobaki hujificha ndani ya mwili kimya. Dawa ikiachwa, virusi huamka na kuzaliana tena katika muda wa wiki chache tu, ingawa mtoto anaendelea kucheza na kula kama kawaida. Ikiwa dawa inanywewa leo na kuachwa kesho, madhara huwa makubwa zaidi, kwani virusi vinavyozaliana mbele ya dawa kidogo hujifunza kuistahamili, na dawa hiyo hugeuka kuwa maji matupu. Dawa zilizotengenezwa kwa watoto ni chache kuliko za wakubwa, hivyo kila inayopotea kwa usugu ni mlango mmoja uliofungwa.

Kipimo kinachoonesha ukweli ni kile cha wingi wa virusi katika damu. Uso wa mtoto hausemi, lakini damu yake husema. Majibu yakionesha kuwa virusi havionekani, dawa inafanya kazi. Yakionesha kuwa vimeongezeka, jambo la kwanza ni kuulizana kwa upole jinsi dawa inavyonywewa, kisha kupima tena.

MFANO WA KUZINGATIWA

Mfano ufuatao hauhusu mtoto mmoja anayejulikana. Umekusanywa kutokana na mambo yanayotokea mara kwa mara.

Mtoto wa kiume wa miaka tisa alifiwa na mama yake na kulelewa na bibi yake mzaa mama. Kila jioni baada ya sala ya magharibi bibi alimpa kidonge, na alipoulizwa alisema ni dawa ya kifua. Ikatokea harusi ya jamaa katika kisiwa cha pili. Bibi aliona kuwa chupa ya dawa ikionekana miongoni mwa wageni maswali yatakuwa mengi, akaiacha nyumbani, kwa kuwa safari ilikuwa ya siku tatu. Baada ya harusi uliingia msimu wa karafuu, na siku tatu zikawa wiki tano. Waliporudi mtoto alikuwa mzima na mchangamfu. Siku ya kliniki ilikwisha pita. Bibi akaona haya kwenda kusemwa mbele ya watu, naye mtoto akamwambia:

"Bibi, kifua changu hakiumi. Kwa nini ninywe dawa?"

Bibi hakuwa na jawabu, na kimya chake kikawa ndilo jawabu. Dawa ikaachwa. Mwezi wa nne mtoto akaanza kukohoa usiku, akapungua uzito, na shingoni yakatokea matezi.

Walikwenda kliniki kwa kuhimizwa na jirani. Bibi alianza kuomba radhi tangu mlangoni, lakini muuguzi alimpa kiti na kumwambia: "Bibi, umefanya vyema kurudi. Hayo mengine tutayazungumza. Kwanza tumpime mtoto." Kwa maneno hayo machache mtoto alirejea katika matibabu. Angelikemewa bibi siku ile, pengine asingerudi tena, na mtoto angelikufa kwa sababu ya haya ya mtu mzima.

Katika mfano huu hakuna mtu mbaya. Bibi alimpenda mjukuu wake na alimpa dawa kwa miaka. Kilichomtoa mtoto katika matibabu ni vitu vinne: safari isiyopangwa, siri iliyobebwa na mtu mmoja, afya iliyodhaniwa kuwa ni kupona, na haya ya kurudi.

MAMBO YA KUFANYWA ILI MTOTO ASIKATIKE

Kuhusu safari. Maisha ya visiwani ni ya kwenda na kurudi: wavuvi huenda dago, wachumaji huenda kwenye karafuu, watoto hupelekwa kwa shangazi wakati wa likizo. Kabla ya safari mlezi aiarifu kliniki, apewe dawa za kutosha na karatasi inayoeleza matibabu ya mtoto, ili ahudumiwe kwingine ikihitajika. Dawa inaweza kuwekwa katika kichupa kisicho na maandishi ya kuvuta macho, mradi ibaki kavu na mlezi aijue.

Kuhusu mlezi. Kila mtoto awe na mlezi wa pili anayeijua dawa, saa yake na siku ya kliniki. Siri iliyobebwa na watu wawili wanaoaminiana haijatoka nje, lakini imepata pa kushikia. Mtoto akihamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kwa sababu ya talaka, kifo au skuli, dawa na kadi yake viwe vitu vya kwanza kukabidhiwa, kabla ya nguo.

Kuhusu Ramadhani. Mtoto ambaye hajabaleghe hajalazimishwa kufunga, na mgonjwa amepewa ruhusa. Kwa kijana anayefunga, dawa ya mara moja kwa siku inaweza kuwekwa baada ya futari au wakati wa daku, kwa kushauriana na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kufunga kusiwe sababu ya kuacha dawa hata siku moja.

Kuhusu kombe na mitishamba. Mzazi anayemwombea mwanawe dua hazuiliwi na mtu. Kinachokatazwa ni kuiacha dawa ya hospitali kwa kutegemea kitu kingine, na kumpa mtoto mitishamba ambayo daktari haijui, kwani baadhi yake hupingana na dawa.

Kuhusu maradhi mengine. Watoto wengi wenye virusi huuawa na kichomi, kifua kikuu, kuharisha na utapiamlo. Utafiti uliofanywa Zambia na kutangazwa mwaka 2004 ulionesha kuwa watoto waliopewa kotrimoksazoli kila siku walipungukiwa na vifo kwa asilimia 43. Kwa hiyo dawa hiyo ndogo isidharauliwe pale inapotolewa. Chanjo zikamilishwe kwa ratiba, na kila kikohozi kisichokwisha, au uzito usioongezeka, kipelekwe kliniki mapema.

KUMWAMBIA MTOTO UKWELI

Swali la yule mtoto wa miaka tisa ndilo linalowashinda walezi wengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 likishauri kuwa watoto wa umri wa skuli waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo kwa kadiri ya fahamu zao. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kuambiwa kuwa mwilini mwake kuna vijidudu vilivyolala, na dawa ndiyo inayovifanya visiamke. Anapokua huelezwa kuwa vijidudu hivyo hushambulia askari wa mwili. Mwisho hutajiwa jina lake, akiwa pamoja na mlezi anayempenda na mhudumu wa afya, na huambiwa pia kuwa si kosa lake, kuwa ataishi, na kuwa ni haki yake kuchagua nani amwambie.

Mtoto anayedanganywa kuwa dawa ni ya kifua ana haki ya kuiacha kifua kinapopoa. Na mtoto anayeligundua jambo hili kwa kusikia watu wakinong'ona, au kwa kusoma kadi yake mwenyewe, hupoteza mambo mawili kwa pamoja: imani yake kwa dawa na imani yake kwa mlezi.

Miaka ya ujana ndiyo yenye hatari zaidi ya kuacha dawa, kwa kuwa kijana hataki kuwa tofauti na wenzake. Huko Zimbabwe, mpango uitwao Zvandiri, ulioanza mwaka 2004, huwatumia vijana wenyewe wanaoishi na virusi kuwatembelea na kuwashauri wenzao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 ulionesha kuwa katika vijana waliopata msaada huo, waliokufa au ambao virusi vyao havikudhibitiwa walikuwa 25 katika kila 100, na katika wasioupata walikuwa 36. Dawa zilikuwa ni zile zile. Tofauti ilikuwa ni mwenzio anayekujua na kukuuliza hali.

WAJIBU WA SKULI NA WA JIRANI

Virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa kukaa dawati moja, kula sahani moja, kucheza, kupeana mikono wala kutumia kikombe kimoja. Hakuna sababu ya kiafya ya kumtenga mtoto na wenzake. Mwalimu anayeombwa ruhusa ya mtoto kwenda kliniki aitoe bila ya kuuliza sababu mbele ya darasa. Aliyeijua hali ya mtoto kwa amana asiitoe amana hiyo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, imeuweka ustawi wa mtoto mbele ya mengine; basi siri yake na dawa yake ni sehemu ya ustawi huo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA WAZAZI

1. Kwa nini kipimo cha kawaida hakitoshi kwa mtoto wa chini ya miezi 18?
2. Mlezi akifariki au akisafiri leo, ni nani mwingine anayejua saa ya dawa ya mtoto?
3. Bibi katika mfano angelifanya nini kabla ya kupanda chombo kwenda harusini?
4. Mtoto akiuliza, "Kwa nini ninywe dawa ilhali siumwi?" ajibiwe vipi kwa umri wa miaka sita, na vipi kwa umri wa miaka kumi?
5. Jirani anawezaje kumsaidia mlezi kurudi kliniki bila ya kumfedhehesha?

Wazazi na walezi ambao watoto wao wameacha dawa, ikiwa ni kwa wiki moja au kwa mwaka mzima, wanakumbushwa kuwa mlango wa kliniki haujafungwa. Wasingoje mtoto augue. Waende naye, wachukue kadi yake kama ipo, na kama imepotea waende hivyo hivyo.